Mlima, Kihamba na Kinu: Historia ya Utunzaji wa Mazingira katika Minyororo ya Ugavi ya Viwanda vya Kahawa na Sukari Moshi, Tangu Miaka ya 1920

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano kati ya utunzaji wa mazingira katika mnyororo wa ugavi na utendaji wa kibiashara wa viwanda. Yanatumia historia ya viwanda vya aina mbili vinavyotegemea mlima mmoja, yaani ukoboaji wa kahawa mjini Moshi na uzalishaji wa sukari katika shamba la TPC, Arusha Chini. Hoja kuu ni kwamba utunzaji wa mazingira uliinua utendaji wa kiwanda pale ambapo aliyebeba gharama zake ndiye aliyepata faida yake. Katika kahawa, gharama zilibaki kihambani ilhali faida ilishuka mjini na kuvuka bahari. Hatimaye kinu kilikosa malighafi. Katika sukari, gharama na faida zilikutana katika daftari moja, isipokuwa kwa rasilimali moja ambayo daftari hilo haliwezi kuimiliki, nayo ni maji. Makala yanapendekeza kwamba tafiti zinazopima uhusiano huu kwa kuwahoji mameneja wa viwanda pekee humwacha nje mtu ambaye mara nyingi ndiye aliyeamua hatima ya mnyororo mzima.

1.0 Utangulizi

Tasnifu nyingi za usimamizi wa biashara zinazowasilishwa katika vyuo vikuu vyetu katika miaka ya karibuni huuliza swali moja: je, kiwanda kinachopata malighafi, kuzalisha na kusafirisha bidhaa kwa namna inayotunza mazingira hufanya biashara vizuri zaidi kuliko kisichojali? Aghalabu jibu huwa ndiyo. Msingi wa jibu hilo umewekwa na maandishi mawili ya mwaka 1995. Michael Porter na Claas van der Linde walidai kwamba masharti ya mazingira yaliyotungwa vizuri huisukuma kampuni kubuni njia mpya na hivyo kupunguza upotevu. Stuart Hart naye alidai kwamba uwezo wa kampuni kuishi na mipaka ya maumbile ni rasilimali ya ushindani kama zilivyo mtaji na ujuzi.

Makala haya hayapingi nadharia hizo. Yanachodai ni kwamba zinaanza na kampuni na kuishia na kampuni, ilhali mnyororo wa ugavi huanza mahali ambapo hapana kampuni. Katika Mkoa wa Kilimanjaro mnyororo huo huanza msituni, hupita katika mfongo na kihamba, ndipo hufika kiwandani. Aidha, dodoso linalojazwa katika msimu mmoja haliwezi kuonyesha jambo linalotokea polepole, kama vile mti wa kahawa unaozeeka bila kupandwa mwingine au shaba inayokusanyika udongoni. Mambo ya namna hiyo yanahitaji jicho la historia.

Makala yanategemea maandishi ya kihistoria yaliyochapishwa, sheria za nchi na taarifa za umma kuhusu mazao hayo mawili. Viwanda hivyo vimechaguliwa kwa sababu vinafanana katika jambo moja la msingi na kutofautiana katika jingine. Vyote vinategemea maji na udongo wa mlima uleule, lakini kimoja kinalishwa na maelfu ya wakulima wadogo, na kingine kinalishwa na shamba lake chenyewe.

2.0 Mlima kama mgavi wa kwanza

Ni kawaida kusikia kwamba theluji ya Kibo ndiyo inayolisha mito ya Moshi. Utafiti wa mwanaikolojia Andreas Hemp na wenzake umeonyesha kwamba mchango wa barafu katika mito hiyo ni mdogo ukilinganishwa na ule wa msitu, ambao hupokea mvua nyingi na kunasa unyevu wa ukungu. Kwa hiyo mgavi wa kwanza wa viwanda vya Moshi ni msitu, na moto unaokula sehemu zake za juu ni hasara ya kiwanda hata kama hauandikwi katika hesabu za kiwanda chochote.

Serikali ya kikoloni ya Kijerumani iliutenga msitu huo kuwa hifadhi mwaka 1904, na Waingereza wakaendeleza utengaji huo. Mwaka 1941 ukatengwa ukanda wa nusu maili kwenye ukingo wa chini wa msitu ili wananchi wapate kuni, majani na mbao pasipo kuingia ndani. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1973, na mwaka 2005 msitu ukaunganishwa nayo. Kila hatua ilisogeza mpaka na kubadili jibu la swali la nani ana haki ya kunufaika na nani ana wajibu wa kulinda.

Chini ya msitu kulikuwa na utaratibu mkongwe kuliko hifadhi yoyote. Wachaga walichimba mifongo iliyotoa maji mitoni na kuyapitisha kwenye kingo za mabonde hadi vihambani. Ukoo uliochimba mfongo ulikuwa na sauti katika ugawaji, na kila aliyetumia maji alipaswa kushiriki kazi ya kuuzibua na kuukarabati. Matthew Bender, katika kitabu chake cha mwaka 2019 kuhusu historia ya maji ya Kilimanjaro, ameonyesha jinsi ujuzi huu ulivyogongana mara kwa mara na mitazamo ya wakoloni, wataalamu na serikali huru. Kwa makala haya, jambo la kuzingatia ni kanuni iliyokuwamo ndani ya mfongo: asiyezibua hanywi. Gharama na faida zilifungwa pamoja.

Kihamba nacho kilijengwa kwa kanuni inayokaribia hiyo. Migomba ilikua chini ya kivuli cha mringaringa, mruka na msesewe. Ng'ombe walilishwa zizini kwa majani na vigogo vya migomba, na samadi yao ikarudi shinani. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huo, kwa mfano wa Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Kahawa ilipofika, ilikuta nyumba imekwisha kujengwa.

3.0 Mnyororo wa kahawa

3.1 Ujenzi wa mnyororo

Kahawa ya arabika ililetwa na wamisionari Wakatoliki huko Kilema katika miaka ya 1890. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ofisa mtawala wa wilaya, Charles Dundas, aliwahimiza Wachaga kupanda kahawa katika vihamba vyao. Walowezi hawakufurahia ushindani huo. Moja ya hoja zao ilikuwa kwamba miche ya wakulima wadogo ingeeneza magonjwa katika mashamba makubwa. Ni muhimu kuona kwamba tangu mwanzo hoja ya afya ya mimea ilibeba ndani yake hoja ya nani anastahili kuwamo katika mnyororo.

Wakulima walijibu kwa kujipanga. Mwaka 1925 waliunda chama cha wapandaji kahawa wenyeji, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kupambana na wadudu na magonjwa kwa pamoja, na kuuza kahawa kwa pamoja. Baada ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932, chama hicho kilirithiwa na KNCU mwaka 1933. Hivyo usimamizi wa mazingira ya zao na usimamizi wa soko lake ulikuwa mikononi mwa chombo kimoja. Makubaliano hayakuwa kamili. Mwaka 1937 yalizuka machafuko dhidi ya sharti la kuuza kahawa yote kupitia ushirika, na mabanda ya kununulia yakashambuliwa. Wakulima walikuwa wakiuliza swali ambalo makala haya yanaliuliza: anayetunza mti anapata nini katika bei?

Mjini Moshi ulikamilika upande wa pili wa mnyororo. Vilikuwapo vinu vya kukoboa, Bodi ya Kahawa na mnada. Kazi ya kinu ilikuwa kuondoa ganda jembamba lililobaki baada ya mkulima kumenya na kukausha, kisha kupanga punje kwa ukubwa na uzito. Kilo 100 za kahawa yenye ganda hutoa takriban kilo 80 za kahawa safi. Faida ya kinu kwa hiyo hutegemea mambo mawili ambayo kinu hakiyatawali, yaani wingi wa kahawa inayoletwa na namna ilivyomenywa na kukaushwa kijijini. Kinu hakiwezi kuirudishia ubora kahawa iliyochachuliwa vibaya. Ubora wa mnadani uliamuliwa na mikono ya nyumbani, mara nyingi ya wanawake na watoto, kwa maji ya mfongo.

3.2 Mrututu na kuvunjika kwa makubaliano

Katika miaka ya 1960 ugonjwa wa chulebuni uliungana na kutu ya majani kuishambulia kahawa ya arabika nchini. Dawa iliyotegemewa ilikuwa ya shaba, na kwa wazee wengi wa mlimani jina la mrututu lilikuja kumaanisha msimu mzima wa kupiga dawa. Ushirika, na baadaye mamlaka ya zao, ulitoa dawa kwa mkopo au ruzuku na kukata malipo katika mauzo. Utaratibu huo ulilinda mavuno, lakini uliacha deni la aina mbili. Deni la kwanza lilikuwa udongoni: shaba haiozi, na kihamba kilichopigwa dawa kwa miongo kadhaa hubaki na kumbukumbu yake. Deni la pili lilikuwa la kitaasisi, kwani mti uliozoea dawa ya ruzuku haukuwa na kinga siku ruzuku itakapoondoka.

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi zake zikapelekwa kwa vijiji na mamlaka za mazao. Mwaka uliofuata bei ya dunia ilifika kilele kutokana na baridi kali iliyounguza kahawa ya Brazil mwaka 1975, lakini makato ya ngazi mbalimbali yalipunguza sehemu ya bei iliyomfikia mkulima. Ushirika uliporudishwa mwaka 1984 ulikuta miti imezeeka. Kisha mapigo matatu yakafuatana. Mwaka 1989 mfumo wa mgao wa soko chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa uliporomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ya pembejeo iliondolewa. Na kuanzia msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua kahawa vijijini.

Hapa ndipo historia inapofundisha jambo ambalo dodoso halingeliona. Baada ya soko kufunguliwa, kampuni binafsi zilijenga vinu vipya mjini Moshi, na kwa kipimo cha uwekezaji viwanda vilikuwa vikikua. Lakini mlimani mkulima aliyekosa mkopo wa dawa na kulipwa bei ya kukatisha tamaa alifanya hesabu yake. Aliuza ndizi, maziwa na nyanya. Katika vihamba vingine aliuza pia mringaringa kuwa mbao, na kivuli kikaondoka pamoja nao. Ushindani wa wanunuzi uliolipa bei moja kwa kahawa yoyote uliondoa malipo ya ziada kwa kumenya na kukausha vizuri. Bei ya dunia ilipoanguka mwaka 2001, uwezo wa vinu vya Moshi ulikuwa umeipita mbali kahawa iliyoshuka kutoka mlimani, na nyanda za juu kusini, zenye vinu vyake Mbozi na Mbinga, zilikuwa zimechukua nafasi kubwa katika uzalishaji wa arabika.

Kwa maneno mengine, utendaji wa kiwanda haukudhoofishwa na mitambo mibovu wala na masharti makali ya mazingira. Ulidhoofishwa na uamuzi wa wagavi, mmoja mmoja, kuacha kutunza mfumo ambao malipo yake hayakuwarudia.

3.3 Majaribio ya kurekebisha

Majaribio matatu ya urekebishaji yanastahili kutajwa. La kwanza ni la mbegu. Kituo cha utafiti cha Lyamungu, kilichoanzishwa mwaka 1934, kilikabidhiwa mwaka 2001 kwa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ambayo imesambaza aina chotara zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Miche hiyo hupunguza mrututu, na hivyo gharama ya mkulima na mzigo wa udongo hupungua kwa wakati mmoja. Huu ni mfano ulio karibu zaidi na dai la Porter na van der Linde, ingawa ubunifu haukufanyika kiwandani bali katika taasisi ya pamoja.

La pili ni la maji. Kumenya kahawa kwa njia ya zamani hutumia maji mengi, na maji yanayobaki, yenye sukari na utomvu, huondoa hewa mtoni yakitiririshwa ovyo. Mitambo ya pamoja ya kumenyea, kama ile ya Penagos inayotumia maji kidogo, imefungwa katika baadhi ya vijiji. Faida yake huonekana mnadani kwa sababu kahawa huwa ya ubora unaofanana. Hata hivyo mtambo hudai kitu ambacho soko huria lilikidhoofisha, yaani chama cha msingi chenye nidhamu ya kukusanya matunda mabivu ya siku moja na kulipa wanachama kwa haki. Kanuni ya mfongo inarudi kwa sura mpya.

La tatu ni la vyeti. KNCU ilianza kuuza kupitia biashara ya haki katika miaka ya 1990, na baadaye ikaongeza kahawa ya kilimo hai. Vyeti hulipa nyongeza ya bei, lakini huleta pia daftari, ukaguzi na ada. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 dhidi ya bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu imeongeza sharti jipya: kahawa iingiayo Ulaya ionyeshe kipande cha ardhi ilikotoka, na ardhi hiyo isiwe imefyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kihamba, ambacho ni bustani ya miti ya karne nyingi, kingepaswa kulivuka sharti hilo pasipo shida. Lakini kuthibitisha si sawa na kutenda. Mwenye nusu ekari hana uwezo wa kujithibitisha mwenyewe, na kama gharama ya uthibitisho itashuka kwake huku bei ikibaki ileile, historia ya miaka ya 1990 inaweza kujirudia kwa jina la mazingira.

4.0 Mnyororo wa sukari

Takriban kilomita 20 kusini mwa Moshi, katika tambarare ya Arusha Chini, historia ilichukua njia tofauti. Kampuni ya Tanganyika Planting, yaani TPC, ilianzishwa mwaka 1930 kwa mtaji wa Kidenishi, na sukari ya kwanza ikatoka mwaka 1936. Serikali iliichukua mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha mwaka 2000 asilimia 75 ya hisa ikauzwa kwa wawekezaji wenye mizizi Mauritius, na asilimia 25 ikabaki serikalini. Uzalishaji, uliokuwa takriban tani 36,000 kwa mwaka wakati wa ubinafsishaji, ulipita tani 100,000 katika muongo wa pili wa karne hii.

Tofauti na Kilombero na Mtibwa, TPC haikutegemea wakulima wa nje. Miwa yake hutoka katika shamba lake. Ukweli huu unaeleza mengi. Udongo wa Arusha Chini una tatizo la chumvi, na umwagiliaji usio na mifereji ya kutolea maji hulizidisha. Kampuni inayorekebisha udongo na kupunguza maji yanayopotea huvuna miwa zaidi katika ardhi yake yenyewe. Makapi ya miwa nayo huchomwa kuzalisha mvuke na umeme wa kiwanda, na ziada huuzwa kwa TANESCO. Taka iliyokuwa mzigo imekuwa bidhaa, na mapato yake yameingia katika daftari lilelile lililolipia mtambo.

Ni rahisi kuhitimisha hapa kwamba nadharia imethibitika. Lakini TPC haimiliki mito ya Weruweru na Kikuletwa, wala msitu unaoilisha. Juu yake kuna vihamba na mifongo. Kando yake kuna mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ambao ulipungukiwa maji baada ya wakulima wa juu kupanua mpunga wao wenyewe. Chini yake kuna wavuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya bonde la Pangani. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iliundwa mwaka 1991, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka vibali na ada. Kibali hupima maji yanayochukuliwa. Hakimlipi anayeyafanya yapatikane. Mkulima wa Kibosho au Machame anayeacha mringaringa usimame hulinda kisima cha kiwanda ambacho hakimjui.

5.0 Majadiliano

Ulinganisho huu unatoa mambo matatu. Kwanza, uhusiano kati ya utunzaji wa mazingira na utendaji wa biashara si sifa ya kiwanda. Ni sifa ya mpangilio wa umiliki na malipo katika mnyororo. TPC ilifaidika kwa sababu shamba na kinu ni mali moja. Vinu vya kahawa havikufaidika ipasavyo na kihamba, ambacho kiikolojia ni bora kuliko shamba la zao moja, kwa sababu hapakuwa na njia ya kudumu ya kuyarudisha malipo kihambani.

Pili, isidhaniwe kwamba dawa yake ni kuunganisha ardhi yote chini ya kampuni moja. Ushirika wa miaka ya 1930 hadi 1960, pamoja na kasoro zake, ulionyesha kwamba maelfu ya wakulima wanaweza kufungwa katika daftari moja kwa malipo ya awamu, huduma ya pamoja ya mimea na bei inayotofautisha ubora. Kilichovunjika mwaka 1976, na kulegezwa tena baada ya 1994, kilikuwa daftari hilo.

Tatu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatazama athari za kiwanda kwa mazingira yanayokizunguka. Historia ya Moshi inadai swali la upande wa pili liulizwe pia: mazingira yanakipa kiwanda nini, na nani anayeyatunza kwa niaba yake? Mtafiti atakayepima utendaji bila kuuliza swali hilo anaweza kupata matokeo sahihi kitakwimu juu ya mnyororo ulioanza kufa.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kwa karibu miaka 100 viwanda vya Moshi vimeishi kwa huduma za msitu, mfongo na kihamba, na kwamba utendaji wao umepanda au kushuka kulingana na malipo ya huduma hizo yalivyowafikia wanaozitoa. Mapendekezo mawili yanafuata. Tafiti zijazo za minyororo ya ugavi zimhesabu mkulima kuwa sehemu ya sampuli, si mandharinyuma. Na gharama za masharti mapya ya soko, ikiwamo kuonyesha asili ya kahawa, zibebwe kwa pamoja na wanunuzi, wakoboaji na ushirika kabla hazijateremshwa kihambani. Waliochimba mifongo walilijua hilo pasipo nadharia: ukitaka maji yafike chini, shirikiana na aliye juu.